Twende Chitete: Itazame Kazi ya Mikono, Kisha Iandike

Mwezi huu twende Chitete. Chitete ni makao makuu ya Wilaya ya Momba, katika Mkoa wa Songwe. Mkoa huu bado ni mchanga. Ulianzishwa mwaka 2016, baada ya kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Wilaya imepewa jina la Mto Momba, ambao maji yake huingia katika Ziwa Rukwa.

Watu wengi wakisikia jina la Momba hufikiria mahindi, ufuta na ng'ombe. Hawakosei. Lakini leo hatuendi kutazama mashamba. Tunakwenda kutazama nguo, mikeka, nyungo na vikapu. Tunakwenda pia kujiuliza swali moja: kazi hii ya mikono itadumu namna gani?

TUANZIE TUNDUMA

Safari yetu tuianzie Tunduma. Huu ni mji wa mpakani. Ng'ambo ya pili ni Nakonde, nchi ya Zambia. Reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukamilika mwaka 1975, inapita hapa. Malori yanapanga foleni kuvuka mpaka. Na madukani vinaning'inia vitenge vya kila rangi.

Simama kidogo. Shika kitenge kimoja, ulitazame ua lake. Je, ua kama hili lilianzia wapi?

Zamani, katika kisiwa cha Java, nchi ya Indonesia, watu walichora nguo kwa mkono. Walitumia nta ya moto. Mahali palipopakwa nta, rangi haikuingia. Nta ilipoondolewa, ua likaonekana. Nguo ya namna hii huitwa batiki. Wakati ule Java ilitawaliwa na Waholanzi. Katika miaka ya 1800 Waholanzi walitengeneza mashine za kuiga kazi ile. Nguo za mashine hizo zikaletwa kuuzwa Afrika. Vitenge vya leo ni wajukuu wa nguo zile.

Basi shika jambo hili: mashine ilimwiga binadamu. Ua lililo dukani lilianza mkononi mwa mtu aliyeketi chini, akiwa na nta, rangi na subira.

Kanga nayo ina habari yake. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa miaka ya 1800 wanawake wa Unguja na wa mwambao walinunua leso, yaani vitambaa vya mkononi. Leso hizo ziliuzwa zikiwa bado zimeungana katika jora moja. Wanawake walikata kipande cha leso tatu, na kipande kingine cha leso tatu. Wakavishona vipande viwili pamoja. Wakapata nguo moja pana ya leso sita, iliyowapendeza. Wenye maduka walipoona hivyo, wakaanza kuagiza nguo nzima ya namna hiyo. Mpaka leo wako watu wanaoiita kanga leso.

Unaona? Sindano ya mwanamke ilitangulia, na kiwanda kikafuata nyuma.

UKIFIKA CHITETE

Sasa tuiache foleni ya malori. Tushike njia ya kwenda Chitete, upande wa Bonde la Ziwa Rukwa.

Katika sehemu hizi mvua hunyesha kwa msimu mmoja, tangu Novemba hivi mpaka Aprili. Wakati huo kila mtu yuko shambani. Mavuno yakishaingia ghalani, kiangazi huleta nafasi. Huo ndio wakati wa mikono kugeukia ukindu, matete, kamba, udongo na uzi.

Usiulize jumba la sanaa liko wapi. Piga hodi, uingie uani. Katika vijiji vya huku, kama katika vijiji vingi vya Tanzania, vitu vya sanaa ndivyo vinavyofanya kazi za nyumbani kila siku. Ndiyo maana watu hawavioni. Wamevizoea.

Tazama ungo. Mama anapepeta mahindi, wewe unaona mahindi tu. Mwombe akupe ungo wake, uugeuze. Utaona vipande vyembamba vimepishana, kimoja juu, kingine chini. Aliyeutengeneza alikuwa anahesabu. Angekosea mahali pamoja, kosa lingetembea mpaka ukingoni. Huenda fundi huyo hakuwahi kuingia darasani. Lakini hesabu alikuwa anayo vidoleni.

Tazama mkeka. Fundi husuka kwanza ukili, ambao ni kama utepe mrefu. Kisha huushona ukili ule ubavu kwa ubavu mpaka mkeka unapanuka. Akitaka mapambo, huchovya baadhi ya majani katika rangi kabla ya kusuka. Lazima aujue mkeka mzima kichwani kabla ya kusuka kipande cha kwanza.

Tazama ngata, yaani kile kitambaa kinachosokotwa na kuwekwa kichwani chini ya ndoo. Tazama kitambaa cha kufuma kilichotandikwa juu ya kiti. Mara nyingine uzi wake umetoka katika sweta la mtumba lililofumuliwa. Sweta lililochakaa linakuwa pambo la sebule. Tazama tandiko la viraka, lililoshonwa kwa vipande vilivyobaki kwa fundi cherehani. Rangi zake hazikupangwa ovyo. Aliyelishona alikaa akavipanga vipande, akavipangua, akavipanga tena.

Ndugu msomaji, kutazama namna hii ni kujifunza. Ukiona nyekundu na nyeusi zinavyokaa pamoja katika kikapu cha jirani, wazo linakujia la tandiko lako. Ukiona mistari ya ungo, unapata wazo la kutarizi shuka. Wazo halidondoki kutoka mbinguni. Hutoka katika kazi ya mwenzako, ukiitazama vizuri.

NGUO ILIYOFUMWA JIRANI

Sasa tuje kwenye habari kubwa ya safari hii.

Jirani na Momba ni nchi ya Ufipa, katika Mkoa wa Rukwa. Katika miaka ya 1800 nchi ile na bonde la Rukwa zilisifika kwa nguo. Siyo nguo za kununua, bali nguo zilizofumwa huko huko kwa pamba iliyolimwa huko huko. Nguo ya Wafipa iliitwa seketa. Ilikuwa nguo nzito ya pamba. Waliofuma walikuwa wanaume. Wasafiri wa Ulaya waliopita Ufipa miaka ya 1870 na 1880 waliiona pamba ikilimwa na nguo zikifumwa.

Walifumaje? Kitanda chao cha kufumia kilikuwa cha chini, juu ya ardhi. Vigingi vinne hupigwa ardhini. Miti miwili hufungwa kwenye vigingi hivyo, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Nyuzi ndefu huvutwa kutoka mti mmoja hadi wa pili. Nyuzi hizo huitwa mtande. Mfumaji huketi chini. Hupitisha uzi mwingine kati ya nyuzi za mtande, baadhi zikiwa juu na baadhi zikiwa chini. Uzi huo wa kukingama huitwa mshindio. Kisha hukaza uzi ule kwa ubao mwembamba mfano wa upanga. Hupitisha tena, hukaza tena.

Kabla ya hapo pamba lazima ichumwe, itolewe mbegu, ichambuliwe na kusokotwa iwe uzi. Kusokota uzi kwa mkono huchukua muda mrefu kuliko kufuma kwenyewe. Basi nguo moja ilikuwa kazi ya siku nyingi sana.

Fikiri, msomaji. Mkulima, vigingi vinne, pamba ya shamba lake mwenyewe. Watu wakavaa.

KWA NINI SEKETA ILITOWEKA?

Leo ukienda sokoni hutaikuta seketa. Ilitoweka polepole, na sababu zake zilikuwa kadhaa.

Sababu ya kwanza ni nguo za kigeni. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said, Sultani wa Oman na Unguja. Meli za Marekani zikaleta kwa wingi kitambaa cheupe cha pamba, kilichofumwa kwa mashine. Watu wa pwani wakakiita merikani. Jina hilo limebaki katika Kiswahili mpaka leo. Misafara ilikibeba kitambaa hicho mpaka bara, na kikatumika hata kama fedha. Baadaye zikaja pia nguo za India na Uingereza. Mashine ilifuma kwa saa chache kile ambacho mkono ulifuma kwa siku nyingi.

Sababu ya pili ni kodi. Kuanzia mwaka 1898 serikali ya Wajerumani ilitoza kodi ya nyumba. Waingereza waliokuja baada yao nao walitoza kodi. Mkoloni alitaka fedha, naye mfumaji hakuweza kulipa kodi kwa kukaa mbele ya vigingi vyake.

Sababu ya tatu inatokana na ile ya pili. Vijana wengi wa pande hizi waliondoka kutafuta kazi ya mshahara. Wengine walikwenda katika migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka. Mzee alibaki na ujuzi wake, lakini kijana wa kuurithi hakuwapo nyumbani.

Ufundi haufi siku moja. Hufa pale anayejua anapokosa wa kumfundisha. Siku mzee huyo anapozikwa, watu hulia mtu. Hawajui kwamba wamezika na chuo.

MALI BILA DAFTARI

Liko jambo jingine, nalo linatuhusu sisi tunaojua kusoma.

Mengi yaliyoandikwa zamani juu ya wafumaji wale yaliandikwa na wageni waliopita njia. Mgeni hukaa siku mbili au tatu. Huona vigingi, huona nguo, huandika mistari michache, huondoka. Hakuuliza kila uzi uliitwaje. Hakuuliza rangi ilitoka katika mti gani. Hakuuliza mtoto alianza kufundishwa akiwa na umri gani. Wafumaji wenyewe waliyajua yote hayo, lakini hawakuwa na daftari.

Wahenga wamesema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kuitumia methali hii kwa duka. Lakini ujuzi nao ni mali. Bibi anayejua kusuka mkeka wa mapambo ana mali kichwani. Babu anayejua mti wa kutoa rangi nyeusi ana mali kichwani. Isipoandikwa, itapotea, wala hatutapata habari kwamba imepotea.

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Pengine ulijifunza ili usome barua, usaini jina, usidanganywe kwenye mzani. Hayo ni mema. Lakini kalamu yako ina kazi nyingine. Inaweza kuokoa ujuzi wa kijiji chako.

WENZETU WAMEFANYAJE?

Usifikiri kwamba ufundi wa zamani lazima ufe. Tazama Uganda.

Baganda walikuwa na nguo iitwayo lubugo. Hii haifumwi. Hutokana na gome la mti uitwao mutuba. Fundi huvua gome katika msimu wa mvua. Kisha hulipondaponda kwa nyundo za mbao mpaka linakuwa laini na pana, lenye rangi ya udongo mwekundu. Shina lililovuliwa hufunikwa kwa majani ya mgomba, na gome jipya huota. Mti ule ule huvuliwa tena na tena.

Nguo za pamba zilipoingia Uganda katika miaka ya 1800, lubugo nayo ilirudi nyuma, kama seketa. Lakini haikufa. Watu waliendelea kuitumia katika mazishi na sherehe za kifalme, na mafundi waliendelea kufundisha vijana wao. Mwaka 2005 UNESCO, yaani Shirika la Elimu, Sayansi na Utamaduni la Umoja wa Mataifa, liliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa binadamu wote. Mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha ya dunia. Siku hizi mafundi huchanganya lubugo na pamba, ngozi na rangi. Hutengeneza mifuko, kofia na picha za ukutani.

Tazama na hapa kwetu. Ukishika barabara kuu kutoka Tunduma kwenda Dar es Salaam, ukapita Mbeya, utafikia njia ya kuingia mji wa Iringa. Hapo kuna kituo kiitwacho Neema Crafts. Kilianzishwa mwaka 2003 na Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Kilianza na vijana watatu viziwi, waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa mikono. Walitumia vitu ambavyo watu huvitupa, hata kinyesi cha tembo. Baadaye kazi ziliongezeka: kufuma, kushona kwa vipande vya vitenge, kutia shanga. Watu wenye ulemavu, ambao wengi walidhani hawawezi kazi, wakajipatia riziki kwa mikono yao.

Somo ni hili. Hakuna aliyengoja mali ghafi kutoka mbali. Baganda walikuwa na mti. Iringa walikuwa na mabaki. Je, kijijini kwako kuna nini?

WEWE UFANYE NINI?

Uwe Chitete au uwe kijiji kingine, unaweza kuanza kiangazi hiki.

1. Chagua kazi moja. Chagua mkeka, ungo, kikapu, chungu au kitambaa cha kufuma. Usianze na kazi kumi.

2. Mtafute anayeijua. Nenda kwake kwa heshima. Keti, utazame. Msaidie kuchambua ukindu au kukunja uzi huku mkizungumza.

3. Andika. Chukua daftari. Andika jina la kila kifaa, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Andika majani yanakatwa mwezi gani, rangi inatoka wapi, kazi inaanza vipi na inaisha vipi. Chora picha, hata kama hujui kuchora vizuri. Kisha msomee yule fundi ulichoandika, akusahihishe.

4. Jaribu kuchanganya. Kikapu cha ukindu kinaweza kutiwa bitana ya kitenge na mkanda wa ngozi. Maganda ya mahindi yanaweza kusukwa kuwa kamba au zulia dogo la mlangoni. Viraka vya kitenge vinaweza kushonwa juu ya gunia safi, likawa pazia. Lakini jifunze kwanza njia ya zamani ndipo ubuni yako.

5. Piga hesabu kabla ya kuuza. Tuseme kikapu kimetumia ukindu wa shilingi 3,000, rangi ya shilingi 1,000 na kitenge cha shilingi 2,000. Jumla ni shilingi 6,000. Bado hujaweka siku zako mbili za kazi. Ukikiuza kwa shilingi 6,000, umefanya kazi siku mbili bure.

6. Ungeni mikono. Kikundi hununua vitu kwa pamoja na hupeleka mzigo sokoni pamoja. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Utaratibu huu ulisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2024. Muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu masharti yake. Kwa watu wa Momba, ofisi ya halmashauri iko hapo hapo Chitete.

Ndugu msomaji, kununua kitenge Tunduma si kosa. Nguo ya dukani ni nzuri na bei yake tunaiweza. Wala hatusemi kila mtu arudi kwenye vigingi vinne. Tunasema kwamba wafumaji wa seketa walijua jambo kubwa, na sehemu kubwa ya jambo hilo imepotea kwa kukosa mrithi na kukosa daftari. Mkeka, ungo na chungu bado viko uani. Wanaojua kuvitengeneza bado wako hai. Nenda kwao kabla kiangazi hakijaisha, na usisahau kalamu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA DARASA LA KISOMO

1. Seketa ilikuwa nguo ya namna gani? Ilifumwa na nani?
2. Taja sababu tatu zilizofanya ufumaji wa seketa upungue.
3. Kwa nini lubugo ya Uganda haikupotea?
4. Katika kijiji chenu, ni kazi gani ya mikono inayojulikana na wazee wachache tu? Nani kati yenu ataiandika?